Mlango wa Dereva

Mume wangu Gervasi ni bingwa wa kunyamaza. Ukimuuliza jambo asilolitaka, anatazama kikombe chake cha chai mpaka wewe mwenyewe uone haya uondoke. Nimekaa naye miaka mingi, nimemzalia watoto wanne, na habari za vita vya Kagera nimezisikia zaidi redioni kuliko nilivyozisikia kinywani mwake. Nilichojua ni kwamba alikuwa jeshini, alikuwa kikosi cha vifaru, na kifaru chao kiliungua. Viganja vyake vyote viwili vina makovu, ngozi imekunjamana na inang'aa. Siku za mwanzo za ndoa nilimuuliza ni nini, akasema, "Moto," akaendelea kula. Nikaacha. Mimi ni mwanamke wa maneno mengi, sikatai, lakini sio mjinga.

Sasa mwaka jana, kabla ya mvua, Agnesi alikuja kwenye meza yangu ya dagaa pale sokoni Buzebazeba. Agnesi ni mdogo wake Samson. Na Samson ndiye aliyekuwa dereva wa kile kifaru, ndiye ambaye hakurudi. Yeye na Gervasi walikua pamoja Ujiji, wakaingia jeshini pamoja, wakapangwa gari moja. Mama yao Samson na Agnesi, Mama Domitila, yuko hai mpaka leo, anakaa Bangwe kwa huyo Agnesi.

"Dada Eufrasia," akaniambia, dagaa hata hakuwagusa, "mama anamtaka shemeji."

"Kuna nini tena?"

"Miguu imevimba, moyo umechoka. Hospitali wametuambia tukae naye tu nyumbani. Lakini anasema haondoki. Anasema hawezi kuondoka hajaambiwa Samson alikufaje."

Nikaacha kupima dagaa. Mteja wangu akaanza kulalamika nikamwambia aende meza nyingine, sina shida.

Lazima niwaeleze ndipo mtaelewa. Kwetu, mtu akifa, kabla hajazikwa, yule aliyekuwa naye anasimama mbele ya watu. Anaeleza homa ilianza lini, wakampeleka wapi, dawa gani alipewa, alisema nini mwisho, aliomba maji au aliyakataa. Watu wote wanakaa kimya, hata walevi wanakaa kimya. Na mama mzazi anasikiliza kuliko wote, maana yeye ndiye aliyeanza na huyo mtoto na anataka kujua alivyomalizika. Ukishaambiwa, unalia kilio chenye kichwa na miguu.

Msiba wa Samson haukuwa hivyo. Walikuja wanajeshi wawili wamenyooka, wakasema amekufa papo hapo, hakuteseka, amezikwa hukohuko na wenzake. Mama Domitila akauliza, nani alikuwa naye? Wakasema yupo mmoja, amelazwa, ameungua. Basi watu wakakaa matanga, wakapika, wakaimba, wakaanua, na hakuna aliyesimama kueleza. Yule aliyelazwa alipopona alikwenda Tabora kutafuta kazi reli, baadaye akarudi Kigoma akanioa mimi. Na njia ya Bangwe hakuipita. Tukikutana na yule mama kanisani atasema shikamoo, atainamisha kichwa, atakula kona. Wala yule mama hakumbana hata siku moja. Alikuwa akiniambia mimi, "Muache. Ataniambia siku akiweza."

Jioni ile nikampasha makavu. Nikamweleza alivyosema Agnesi, miguu, moyo, yote. Gervasi akatazama kikombe.

"Safari hii kikombe hakikusaidii," nikamwambia. "Yule mama anakufa."

Akakizungusha kikombe mara mbili mezani. Kisha akasema, "Siwezi kusema, mama Melania. Mdomo unakataa. Usidhani sijajaribu. Nimejaribu nikiwa peke yangu chooni, umekataa."

Haki ya Mungu, nilishtuka. Nilizoea kumdhania ni kiburi.

"Basi mchoree," nikasema.

"Kwa macho gani?"

Kweli, nilisahau. Mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili yule mama, hata rozari anaisali kwa kupapasa. Gervasi akawa anatazama chini, pale nilipoweka boksi la sabuni ninalobebea dagaa. Akaliinua, akalikunja pembe, akaliachia, akalikunja tena.

"Hili boksi unalitumia?" akaniuliza.

Hapo ndipo vurugu zilipoanza nyumbani kwangu. Mtu mzima, ana wajukuu, kageuka mkusanyaji wa makaratasi! Maboksi ya sabuni, maboksi ya biskuti, mifuko ya saruji kutoka kwa jirani anayejenga, kalenda za zamani. Unga wangu wa muhogo anachota bila kuuliza, anakoroga uji mzito wa kubandikia, sufuria yangu ikawa ya gundi. Majirani wakaanza. Gaudensi wa nyumba ya pili akapita akacheka, "Mzee Gervasi amerudi kucheza magari!" Nikamwambia acheke hukohuko kwake, akacheke na paa lake linalovuja. Mimi mume wangu ninamsema mwenyewe, sihitaji msaidizi.

Lakini jamani, yule mtu ana mikono. Sikujua. Vidole havikunjiki vizuri kwa ajili ya yale makovu, kipande kidogo anakishika kwa pembe ya kiganja na kidole gumba, jasho linamtoka. Hakuwa na picha ya kutazama. Alikaa kwenye kigoda, anafumba macho, ananyoosha mkono mbele, anaupeleka kushoto, anapima kiwiko kinagusa wapi, kisha anafungua macho na kukata. Mwili wake ulikuwa unakumbuka. Magurudumu makubwa matano kila upande, kila moja ni utepe wa boksi uliozungushwa na kuzungushwa mpaka ukawa mgumu. Mnyororo wa kutembelea aliukunja kwa karatasi ya saruji, kipande kwa kipande, akavitunga kwa uzi wa nyavu, na kweli ulizunguka. Mzinga aliuviringisha kwa kalenda. Siku moja nilikuwa nakaanga samaki, migebuka ya ziwani, karibu naye, mawese yakaruka yakatia doa pale mgongoni. Nikaganda. Alikata sehemu yote yenye mafuta akaitengeneza upya, siku mbili nzima.

Pahali alipokawia zaidi ni pa dereva, mbele, kushoto, chini kabisa. Alimwekea kiti. Akamwekea fimbo mbili za kukatia kona, na pedeli, na tundu la kuchungulia. Juu yake akaweka mlango mdogo wa duara, bawaba yake kipande cha kitenge changu. Ulifunguka, ukafungwa. Nikamuuliza mambo yote haya ya ndani ya nini, nani atayaona?

"Atayashika," akasema.

Na kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi, mdomo ukalegea kidogo. Akawa anadondosha. Mara aniambie Samson alikuwa mwembamba, kiti kilimpwaya, akakalia blanketi. Mara aniambie alikuwa anaimba akiendesha, nyimbo za kanisani, na maneno anakosea makusudi kuwachekesha wenzake kwenye zile spika za masikioni. "Kamanda alikuwa anamtukana," akasema Gervasi, "halafu na yeye anaitikia." Akacheka. Mimi nikageukia jiko nisimtazame, nisije nikakiharibu kile kicheko.

Ilipofika siku ya kuweka kile kichwa cha juu chenye mzinga, alikibandika kwa uji mwingi kikaelekea mbele, pembeni kidogo na ule mlango. Kikakauka. Mimi na mkono wangu usiotulia nikataka kukizungusha. Wapi.

"Kifaru gani hiki hakigeuzi shingo?" nikamwambia. "Kila kitu kinazunguka, kichwa kimekaza? Hata mimi niliyeviona kwenye sherehe za uhuru tu najua vinageuka."

"Kinatosha hivyo."

"Mama wa watu amengoja maisha yake yote, wewe unampelekea kifaru chenye shingo mbovu?"

"Nyamaza, Eufrasia!"

Alipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. Gervasi! Hajawahi kunipigia kelele tangu anioe, hata nilipostahili. Nikaingia ndani, nikalia, kisha nikakasirika kwa kuwa nimelia. Tukakaa nyumba moja hatusemeshani. Chakula nilimwekea, sitasema nilimnyima, lakini nilikuwa nakiweka mezani kwa kishindo.

Asubuhi moja nikatoka kufagia uwanja. Nikamkuta amekaa nje na wembe. Anakata gundi pale shingoni, kidogo kidogo, na machozi yanadondoka juu ya boksi, anayafuta kwa ukucha yasilowanishe.

"Acha, utakiharibu," nikasema. Hasira yote iliniishia palepale.

"Ni lazima kigeuke."

"Nilikuwa natania tu, baba Melania. Kiko vizuri."

"Sio vizuri," akasema. "Nilitaka kumdanganya."

Sikumwelewa. Nilimshikia kile kichwa akamaliza kukata. Akatengeneza mhimili wa karatasi, akauchomeka, kichwa kikageuka kulia na kushoto. Akakiweka juu ya sinia, kikalijaza sinia zima. Akasema twende leo.

Tulichukua bajaji. Nilikipakata mimi, nimekifunika kanga, maana upepo wa ziwa ukifika Bangwe haujui kitu cha karatasi. Njia nzima Gervasi alikaa mikono katikati ya magoti. Nilimwambia, "Ukishindwa, mimi nitasema." Sijui ningesema nini, nilikuwa najua nini mimi?

Mama Domitila alikuwa amewekewa godoro karibu na mlango apate hewa, mgongo umeegemea ukuta, miguu juu ya mto. Amekwisha, mwili mdogo, lakini kichwa kizima.

"Shikamoo mama," Gervasi akasema.

"Marahaba. Gervasi huyo." Akatabasamu. "Umechelewa, baba."

"Nimechelewa, mama."

"Wamenambia umeniletea kitu."

Agnesi alikuwa amenisaidia kukiteremsha. Tukakiweka mapajani mwa yule mama, juu ya shuka. Kabla hajakigusa akasema, "Agnesi, niletee maji ya kunawa." Akaletewa beseni, akanawa mikono yote miwili, taratibu, akajipangusa kama mtu anayetaka kula. Ndipo akakishika.

Alianzia nyuma. Akapita mnyororo, akahesabu magurudumu kwa kidole. "Ndilo hili," akawa anasema, "ndilo gari lenyewe." Akaufuata mzinga mpaka ncha. "Lo! Mrefu hivi?" Kisha Gervasi akamshika kidole, akakipeleka mbele, kushoto, chini.

"Huu ni mlango wake."

Akaufungua kwa ukucha. Akaingiza kidole, akagusa kiti.

"Alikaa hapa?"

"Hapo. Alikalia blanketi."

"Mkondefu yule," akasema. "Hakuwa anashiba, sijui chakula kilikuwa kinakwenda wapi." Akazigusa zile fimbo, akagusa pedeli, akakaa na kidole humo ndani muda mrefu, uso wake umetulia hivi kwamba na mimi nikapumua. Nikajisemea moyoni, kumbe ndiyo hii, imekwisha, twende zetu nyumbani. "Na wewe ulikaa wapi?"

"Huku juu. Mimi ndiye nilikuwa napiga mzinga."

Akaufunga ule mlango mdogo. Gervasi akakishika kile kichwa kwa vidole viwili, akakigeuza kidogo tu kushoto. Mzinga ukaja ukakaa juu ya mlango wa dereva.

"Sasa, mama," akasema, "jaribu tena kuufungua."

Mama Domitila akajaribu. Ukainuka kidogo, ukagota. Akajaribu upande wa pili. Akaweka kidole kingine, akapapasa, akakuta mzinga umelala pale juu. Akaacha kutabasamu.

"Unakataa," akasema.

"Unakataa, mama. Ndivyo vifaru vilivyotengenezwa. Mzinga ukikaa hapo, dereva hawezi kutoka."

Nje watoto walikuwa wanacheza mpira, nikatamani nitoke nikawanyamazishe.

Ndipo Gervasi akasimama. Hakuna aliyemwambia asimame. Alisimama kama wanavyosimama wale wanaoeleza msibani, mikono mbele, na mdomo wake ukafunguka.

"Tulikuwa bondeni, kwenye matope, tumezama. Kamanda akasema adui yuko kwenye migomba, kushoto. Nikaugeuza mzinga. Kabla sijapiga, tukapigwa sisi. Moto ukaanzia kwetu huku juu. Wenzangu wawili walikufa hapohapo. Mimi nikatoka kwa kifuniko cha juu. Mzinga nikauacha ulipo." Akainama akakigusa kile kichwa. "Kulikuwa na mpini wa kuuzungusha kwa mkono, mama. Ningebaki nikauzungusha kidogo tu, angetoka. Nilikuwa naungua. Sikubaki."

"Hakuna njia nyingine?" Agnesi akauliza.

"Kuna mlango wa chini, sakafuni. Tulikuwa tumelalia tope. Na nyuma ya Samson, moto." Akaendelea kuongea na mama, sio na Agnesi. "Nilipofika chini nikakumbuka. Nikarudi kwa nje. Nikaushika mzinga kwa mikono, nikausukuma kwa bega. Haukwenda. Ni chuma kizito, mama, na kilikuwa cha moto."

Niliitazama mikono ile. Mikono iliyonibebea watoto. Nikataka kumshika nikashindwa kunyanyuka.

Agnesi akaruka juu. "Kumbe ni wewe! Miaka yote unapokea komunyo mbele yetu, unampa mama mkono wa amani, kumbe ni wewe uliyemfungia!"

"Agnesi, kaa," mama yake akasema.

"Sikai!"

"Kaa. Nilitaka kuambiwa. Ndiyo naambiwa."

Agnesi akakaa chini palepale sakafuni, akajifunika kanga usoni. Mama Domitila hakuwa amekiachia kile kifaru. Kidole chake kilikuwa bado juu ya mlango.

"Walisema papo hapo," akasema.

"Hapana, mama."

"Ulimsikia?"

"Nilimsikia."

"Aliita? Aliniita?"

Nikamwombea Gervasi aseme uongo. Nakwambieni kweli, nilimwomba Mungu ampe uongo, hata mmoja.

"Kelele zilikuwa nyingi, sikusikia maneno," akasema. "Aligonga."

Yule mama akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, taratibu. Machozi hayakutoka. Nadhani alikuwa anaitafuta sauti hiyo mahali fulani na haipati.

"Aligongaje?"

Nikaona midomo ya Gervasi imefungwa, nikajua imekataa tena, na ulimi wangu huu mrefu ukawa tayari kusema mama inatosha, jamani inatosha. Lakini akapiga magoti kando ya godoro, karibu na ule mlango wa mbao uliokuwa wazi. Akagonga kwa kifundo cha kidole. Kwa nguvu kwanza, haraka haraka. Kisha polepole, tatu, akapumzika, tatu. Kisha kidogo kabisa.

"Tena," akasema Mama Domitila.

Akagonga tena.

Uso wa yule mama ukageukia mlangoni, macho yake meupe yako wazi, na akajivuta kwenye ukuta akae sawa, kama unavyojiweka sawa mgeni anapofika.

"Karibu, baba," akasema. "Karibu ndani."

Agnesi akapasua kilio. Majirani wakaanza kukimbilia uani, wakidhani mama ameshakata roho. Na Gervasi akawa bado anagonga. Nikamwambia basi, baba Melania, basi, hakunisikia. Nikauchukua mkono wake nikaufumbata kwa mikono yangu yote miwili, na ndani humo kidole kikaendelea kugonga.